Unga wa Kunenepesha Mkia wa Kondoo

Kopo lile lilikuwa na picha ya kondoo asiye na mkia. Naanzia hapo kwa sababu kila aliyelinunua pale Musoma aliiona picha hiyo na bado akatoa hela yake. Kondoo wa kwenye kopo alikuwa mweupe, mnene, amesimama kwenye majani mabichi kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Huko nyuma, mahali ambapo kondoo wa kwetu hubeba mali yake yote, palikuwa na kipande kama kidole gumba. Mzee mmoja wa Bweri niliyemkuta pale dukani aliligeuzageuza lile kopo, kisha akauliza kwa upole kama huko alikotoka huyu wanatahiriwa kwa nyuma.

Muuzaji hakucheka. Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu aliyewahi kuuza mafuta ya taa, akauza betri, akauza mitumba, na sasa ruksa ya kila mtu kuuza atakacho ilikuwa imefika na yeye amegeuka mtaalamu wa mifugo. Akatuambia picha ni picha tu, tutazame kilichomo. Kilichomo kilikuwa unga wa rangi ya vumbi la barabara. Unanenepesha kondoo, akasema, unasafisha tumbo, unaleta hamu ya kula, na hapo akapunguza sauti kama mganga: unapeleka mafuta moja kwa moja mkiani.

"Umeambiwa na nani njia ya kwenda mkiani?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe uliishiaga la pili. Hiki kitu kimetengenezwa na watu waliosoma."

Ni kweli niliishia la pili, na nilitosheka. Mwalimu alikuwa ananituma kuchota maji, na maji hata nyumbani tulikuwa nayo, sikuona sababu ya kwenda kuyafuata shuleni. Lakini nyumba ya saruji niliyojenga Bugwema sikujengewa na mwalimu. Ilijengwa na kondoo. Kwa hiyo habari ya kondoo naweza kukaa nayo meza moja na mtu yeyote, hata aliyesoma mpaka akaota mvi.

Ili mtu aelewe kwa nini watu wazima walikuwa wanapigania kopo la vumbi, lazima ajue mkia wa kondoo ni nini kwetu. Nyama ya kondoo kila mtu anakula. Mkia ni jambo lingine. Binti akiolewa, mjomba wake, yaani kaka wa mama yake, ndiye anayeleta kondoo. Siku binti anapoondoka, mwanamke mkubwa kuliko wote upande wa baba yake anamwendea yule kondoo mbele ya watu, anaweka viganja viwili chini ya mkia, anaunyanyua. Ukiwa mzito anapiga kigelegele, kondoo anachinjwa, mkia unayeyushwa, na mafuta yake anapakwa binti shingoni kabla hajatoka nje ya ua. Ukiwa mwepesi, bibi yule hapigi kigelegele. Anaanza wimbo. Na wimbo huo haumsemi kondoo, unamsema mjomba na ukoo wote wa mama wa binti. Binti mwenyewe anaondoka na kuusahau. Anayebaki nao pale nyumbani mpaka kufa ni mama yake.

Sasa dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, aliolewa Butiama katika ile miaka mibaya, na aliondoka kwetu na shingo kavu.

Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji nieleze. Sabuni ilikuwa habari. Sukari ilikuwa hadithi. Chumvi tulikuwa tunaipangia foleni kwenye duka la kaya tangu asubuhi, na ukikutwa na chumvi nyingi ndani unaitwa mlanguzi na wanakuja kukusachi. Watu wakikosa chumvi, kondoo atatoa wapi? Kondoo wa kijiji kizima walikuwa wanalamba kuta. Walilamba majivu, walilamba mawe ya jikoni, walilamba mahali wanaume walipokojoa. Kamwe kondoo hawajanipenda kama miaka ile. Nikikaa tu wananizunguka, na kumbe ni jasho la shati wanalitafuta. Kondoo wa namna hiyo hachezi, hanenepi, sufu inamtoka kama godoro bovu, na kitu cha kwanza anachokula kwenye mwili wake mwenyewe ni mkia. Mjomba wetu alikuwa na kondoo wengi wa kutosha, lakini wote mikia yao ilining'inia kama soksi ya mlevi. Akaona bora aje mikono mitupu kuliko kuja na soksi. Dada akaondoka hivyo hivyo.

Alipofika Butiama, mama mkwe wake akampokea vizuri, akamkumbatia, akapitisha mkono shingoni, akaikuta kavu. Tangu siku hiyo dada hakuitwa kwa kazi yake wala kwa watoto wake. Aliitwa yule aliyekuja mkavu. Ugali ukiungua, ni kwa sababu kwao hakuna hata kondoo. Mtoto akikohoa, mkavu amezaa mkavu. Bibi yule alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumenya muhogo.

Mimi ndipo nilipochukua kondoo kama kazi. Wenzangu walicheka. Mwanaume anahesabiwa kwa ng'ombe, kondoo ni wa kina mama na matambiko. Nikawaacha wacheke na ng'ombe wao, ambao wezi walikuwa wanawahamisha kama wanawasaidia kuhama. Kondoo mwizi hamtaki, hakimbii.

Bwana mifugo kutoka Bunda alitutembelea wakati huo. Alikuja na baiskeli aliyokuwa anaisukuma, kwa sababu tairi lilikuwa limejazwa nyasi badala ya mpira wa ndani. Akatukusanya pale kwenye ofisi ya kijiji, akatuambia kondoo ana matumbo manne, na anahitaji nishati, protini na madini. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza madini yapo wapi. Akasema yameagizwa. Mashudu ya pamba je? Akasema kiwanda cha pamba hakina mafuta ya mashine, na mashudu yaliyopo ni kwa kibali. Nikamuuliza basi kilichopo ni nini. Akafikiri, akasema kilichopo ni mwongozo. Tukampigia makofi, tukampa maji ya kunywa, akaendelea kusukuma baiskeli yake kuelekea Bunda.

Mimi mwongozo sikuwa nao, nilikuwa na macho. Kulikuwa na kingo za mto ambako ng'ombe walikuwa wanachimba kwa meno udongo wenye chumvi. Nikauchimba, nikaukausha, nikaujaza kwenye tairi kuukuu, kondoo wakaacha kulamba kuta zangu. Kiangazi migunga inapodondosha maganda yake yenye mbegu, wenzangu waliyakanyaga wakienda kanisani Nyegina, mimi niliyazoa. Ziwani nilikuwa naokota chenga za dagaa zinazobaki mchangani baada ya kuanika, zile ambazo hata kuku wanazikataa. Na mke wangu alikuwa anapika pombe ya mtama, halali kabisa, ya kuuza kwa wavuvi, ingawa katekista alikuwa akipita nyumbani kwetu anaangalia upande mwingine. Machicha yake yalikuwa yangu.

Na ni kwa mke wangu nilijifunza kitu kikubwa, siyo kwa bwana mifugo. Kondoo hali chakula. Kondoo anapika pombe. Lile tumbo lake kubwa, ambalo wapika supu wanaliita taulo, ni mtungi. Nyasi zinaingia humo zinachacha taratibu, anazirudisha mdomoni anacheua, anazishusha tena, na kinachomnenepesha ni ile pombe, siyo nyasi. Sasa mwulize mpika pombe yeyote: mtungi ukiwa unachemka vizuri, ukamwagia ghafla debe la unga mpya, kinatokea nini? Unaharibika. Unakuwa siki. Kwa hiyo kila kitu nilichowapa, niliwapa kidogo kidogo, nyasi kwanza, vingine baadaye, na nikiongeza leo sibadilishi tena mpaka mtungi uzoee. Hiyo ndiyo siri yote ya kondoo. Nimeisema bure na sitaki asante.

Basi ruksa ikafika, maduka yakajaa, na watu wakajaa wazimu. Kulikuwa na unga wa kukuza kondoo, maji ya kukuza kuku, na mafuta ya kukuza nywele ambayo naamini yalitoka pipa moja na yale ya kuku. Shemeji alikuwa anafungua makopo yake makubwa na kuyagawa kwenye vifuko vya nailoni, na mimi kwa macho yangu nilimwona anachanganya na pumba ili vifuko viwe vingi. Maelezo ya kwenye kopo yaliandikwa Kiingereza. Shemeji Kiingereza chake kilikuwa kama changu, lakini chake kilikuwa na sauti kubwa.

Miaka ikapita, watoto wakakua, shemeji bado anauza unga wake, ndipo dada akaja Bugwema. Binti yake wa kwanza alikuwa amechumbiwa, na mimi ndiye mjomba. Hakukaa hata kunywa uji. Alikwenda moja kwa moja zizini, akapita katikati ya kondoo wangu akinyanyua mikia kama mtu anayepima mizigo bandarini. Akasimama kwa dume mmoja mwekundu niliyemhasi akiwa mdogo, mkia wake umetanuka kama ungo. Akaweka viganja, akanyanyua, akafumba macho.

"Huyu," akasema. "Na nataka aje kwangu sasa hivi, siyo siku ya harusi."

Nikamwambia kondoo akihama anabadilisha maji, anabadilisha nyasi, anaweza kupungua. Akaniambia sielewi. Mama mkwe wake alikuwa bado hai, tena amekuwa bibi mkubwa kuliko wote pale, ndiye atakayenyanyua mkia. Dada alitaka yule bibi aamke kila asubuhi amkute huyo kondoo amesimama mbele ya mlango wake. Alitaka aushibe kwa macho kabla hajaushika kwa mikono. "Kaka," akasema, "mimi nimeishi na ule wimbo bila hata kuimbiwa. Ukiimbwa kweli siku ya mwanangu, mimi pale sikai tena."

Nikaelewa. Nikampakia dume kwenye pikapu ya muuza mahindi, pamoja na gunia la udongo wangu wa chumvi na maelekezo: nyasi kavu kwanza, machicha kiganja, mashudu kiganja, basi. Akaitikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nilichokisahau ni watu, maana mimi hukaa zaidi na kondoo. Kule Butiama kuna desturi ambayo hata kwetu ipo, ila kwetu kondoo hafiki mapema kiasi cha kuitumia. Mwanamke yeyote aliyemlisha kondoo wa harusi ana kipande chake katika mkia. Akipeleka chochote kwenye bakuli, hata kiganja cha pumba, siku ya kuchinja anakatiwa mafuta yake anakwenda nayo nyumbani, na anakuwa kama amempaka binti kwa mkono wake. Ni desturi nzuri. Imetungwa na watu waliofikiri kondoo atafika jana yake.

Huyu alikaa pale wiki na wiki, mnene, mwekundu, amefungwa mbele ya mlango, na kila mwanamke aliyepita akauona mkia na akataka kipande. Wakaanza mabakuli. Shangazi wa binti akaleta mtama. Jirani wa chini akaleta mahindi ya kupaazwa. Jirani wa juu aliposikia wa chini ameleta mahindi, akaleta mahindi na makombo ya ugali. Mke wa shemeji wa dada, ambaye hawakuwa wanasalimiana, akaleta unga safi wa sembe, kusudi aonekane. Dada mwenyewe alikuwa anafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe watu wa ukoo ule walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake. Na katikati ya neema hiyo akatokea shemeji yangu wa Musoma na kibegi chake cha vifuko, akiuza nyumba kwa nyumba, akamwambia dada kwamba kijiko asubuhi na kijiko jioni, mkia utaburuza chini. Dada akanunua. Akamwambia asinieleze, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake shemeji akanyamaza.

Nikaja kuitwa siku chache kabla ya harusi. Nilipofika nilimkuta dume amelala ubavu, tumbo limejaa upande wa kushoto, ukibonyeza kwa ngumi alama inabaki kama kwenye unga uliokandwa. Hacheui. Anasaga meno. Mavi yake yalikuwa maji yenye harufu ya siki, na humo punje za mahindi zinatoka zilivyoingia. Watu wamemzunguka wametoa hukumu tayari. Nusu walisema ni unga wa Musoma. Shemeji, ambaye aliitwa na yeye ajibu, alisema ni ule udongo wangu, kwamba mtu wa karne hii hawezi kumlisha mnyama matope. Mama mkwe wa dada alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kanga begani, hasemi kitu, na kule kunyamaza kwake kulikuwa tayari kunaimba.

Nitasema ukweli: nilitamani sana uwe ule unga. Ningelipa ng'ombe uwe ule unga. Lakini shemeji alikuwa ameuchanganya na pumba nyingi kiasi kwamba haukuweza kumdhuru hata panzi. Nikauliza nani amemlisha nini. Kila mmoja akajivunia bakuli lake, ndiyo desturi, na nilivyokuwa nawasikiliza nikaona mtungi unamwagiwa madebe na kijiji kizima. Nikawaambia hakuna sumu hapa. Mmemlewesha kondoo siki.

Nikaomba magadi, yale ya kupikia maharage, nikayakoroga kwenye maji, nikamnywesha kwa chupa ya soda, kidogo kidogo, dada ameshika kichwa. Magadi yanaua siki, kila mpishi anajua. Lakini mtungi uliokufa hauwaki wenyewe, unatia machicha ya mtungi mzima. Nikahitaji cheu, ile nyasi iliyotafunwa ambayo kondoo mzima anairudisha mdomoni, niitoe kwake nimpe mgonjwa. Nikatazama pale nyumbani. Kondoo mwingine alikuwa mmoja tu, jike la bibi, jembamba, la kuokoteza kando ya barabara, ambalo tangu dume afike hakuna aliyelikumbuka hata kwa ganda la ndizi. Lilikuwa limelala kivulini linacheua kwa raha zake. Katika boma lile zima tumbo lenye afya lilikuwa la yule ambaye hakuna aliyemwonea wivu.

"Mama," nikamwambia bibi, "naomba kilichomo mdomoni mwa kondoo wako."

Akanitazama. "Baba, kwenu mna njaa kiasi hicho?"

Watu wakacheka mpaka shemeji akashika ukuta. Na mimi nilicheka, lilikuwa tusi zuri. Halafu nikalivizia lile jike. Likaona nakuja, likameza. Nikakaa pembeni nikajifanya naangalia mawingu. Likacheua tena, nikalirukia, likameza tena. Mwanaume mzima mwenye nyumba ya saruji, anakimbizana na kondoo wa mama mkwe wa dada yake ili amnyang'anye chakula mdomoni, na kijiji kipo ukutani kinaangalia. Mwishoni dada alilishika miguu, mimi nikaingiza vidole shavuni, nikatoka na donge la kijani, nikalikoroga kwenye maji ya vuguvugu na kumnywesha dume. Tukarudia tena kesho yake, na kesho yake. Nikapiga marufuku mabakuli. Nyasi kavu na maji, basi. Wanawake walininunia kana kwamba nimefunga kanisa.

Siku iliyofuata alicheua. Nakumbuka dada alivyokuwa anafagia, akasimama na ufagio hewani, anasikiliza ile sauti ya meno. Akaendelea kufagia.

Lakini kondoo akiumwa anakula mkia wake, na huyu alikuwa ameula. Siku ya harusi alisimama kwa miguu yake, macho safi, na mkia ulikuwa umelegea kama mfuko wa mtu aliyetoka sokoni. Kila mtu aliuona. Dada aliuona kabla ya wote. Nilimwambia tunaweza kuleta dume mwingine kutoka Bugwema, pikapu ipo. Akakataa. Akasema huyu ndiye wamemlisha, huyu ndiye watamnyanyua.

Sikuelewa alichokuwa anapanga. Ningekuwa nimeelewa ningejivuna mapema.

Wakamtoa binti, amevaa vizuri, analia kama inavyotakiwa. Wakamleta dume katikati ya ua. Bibi akatoka na fimbo yake, akaiweka chini, akasogea, akaweka viganja viwili chini ya mkia. Akanyanyua. Akashusha. Akanyanyua tena, taratibu, kusudi wa nyuma waone. Halafu akajinyoosha, akavuta pumzi, na sisi tuliokuwepo tulijua kwamba anavuta pumzi ya kuimba.

Dada akaingia katikati. Alipiga magoti, kwa adabu zote za mke wa mtoto, macho chini, na akazungumza kwa sauti ambayo hata wapishi nyuma ya nyumba waliisikia.

"Mama, kabla hujaimba. Bakuli lako lilikuwa la nini?"

Bibi akasema hakuleta bakuli.

"Ulileta, mama. Mahindi uliyoyaloweka. Ulikuja nikiwa kisimani, ila uliacha bakuli lenye ufa, na hapa lenye ufa ni lako peke yako." Kisha akageuka, bado amepiga magoti, akawataja mmoja mmoja waliosimama pale. Shangazi, mtama. Wa chini, mahindi ya kupaazwa. Wa juu, mahindi na ugali. Mke wa shemeji yake, sembe nyeupe. Kila aliyetajwa akaangalia kanga yake. "Kila mtu ana mkono wake kwenye mkia huu," akasema. "Kaka yangu aliuleta ukiwa ungo, mliuona wote mkaufuata. Kilichopungua kimepungulia mikononi mwetu. Sasa atakayeuimba, aimbe."

Hakuna aliyeimba. Ungeimba nini? Mtu hawezi kumzomea kondoo mliyemlisha wote, unakuwa umezomea bakuli lako. Bibi alisimama na ile pumzi yake kifuani, haina pa kwenda. Nilimwona anatafuta. Akatazama mkia, akatazama wanawake wenzake, wote wakawa wanaangalia upande ule katekista alikuwa anaangalia akipita kwetu. Mwishoni pumzi ikatoka, ikawa kigelegele, kifupi, kibaya, kama kuku aliyekanyagwa. Lakini kilikuwa kigelegele, na wanawake wakakipokea haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Dume akachinjwa. Mafuta yalipoyeyushwa hayakujaza hata nusu ya sufuria. Kugawana kukafa kwenyewe, hakuna mwanamke aliyesogea kudai kipande chake; wengine waligundua ghafla kwamba wana watoto nyumbani. Bibi akachovya vidole, akampaka mjukuu wake shingoni, huku na huku, akamnenea maneno yake ya baraka. Binti akainuka aondoke.

Dada hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti palepale. Akavuta kitenge kikashuka mabegani, akainamisha kichwa, shingo yote ikawa wazi mbele ya mkwewe.

"Bado mimi, mama," akasema.

Bibi akasema kwamba hayo si ya leo, hayo yalikuwa ya kwao, ya siku yake, na siku yake ilishapita. Dada hakusogea. Msafara wa bwana harusi ulikuwa unapiga honi barabarani. Mimi nilitaka kusema neno, nikaona kwamba kwa mara moja katika maisha yangu sihitajiki.

Basi bibi akachukua sufuria, akaliinamisha, akakuta limebakiwa na mafuta ya kuzunguka ukingo tu. Akakwangua kwa ukucha, akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wanataka kila kitu, akaukwangua ukingo wote mpaka chini. Akampaka.